Saa 58 zimebaki, kazi inataka saa 100: niiwashe sasa au niiandike upya kwanza?

Mleta mada | Ijumaa, saa 4:05 usiku

Wakuu, heshima zenu. Naomba akili zenu usiku huu, maana yangu imeanza kuzunguka palepale.

Nina orodha mbili za watu. Ya kwanza ina rekodi 400,000, ya pili 150,000. Kila mtu wa orodha ya kwanza natakiwa nimtafutie mwenzake kwenye ya pili. Shida ni kwamba majina hayakuandikwa sawasawa. Huku "Mohamed", kule "Muhammad". Huku kuna nukta, kule hakuna. Kwa hiyo kutafuta herufi kwa herufi hakusaidii, lazima programu ipime ukaribu: ni herufi ngapi zibadilishwe ili jina hili liwe lile.

Programu ninayo, niliiandika mwenyewe zamani, na kazi inaifanya. Ila mwendo wake wa konokono. Inamchukua mtu mmoja, inampambanisha na wote 150,000, ndipo inamfuata mwingine. Ukizidisha unapata ulinganisho bilioni 60.

Nimeijaribu na rekodi 400 za mwanzo: dakika 6. Yaani sekunde 0.9 kwa mtu. Watu 400,000 ni saa 100 kamili. Matokeo yanatakiwa Jumatatu saa 2 asubuhi, na kutoka sasa hadi hapo ni saa 58.

Mngesema niiandike upya, nami ndivyo ninavyotaka, lakini mwaka jana niliungua hapohapo. Nilikuwa na saa 40, programu niliyokuwa nayo ingemaliza kwa saa 30. Nikajiona mjanja, nikasema naandika mpya, saa 3 tu. Saa 3 zikawa 17. Ile mpya ikakimbia dakika 40, nikashangilia, kisha nikagundua inaruka watu. Nikarudi kwenye ya zamani, zimebaki saa 23 na yenyewe inataka 30. Nilikabidhi nusu ya kazi, na mteja yule sijamsikia tena mpaka leo.

Sasa nifanyeje?

Pangaboi | saa 4:11 usiku

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Washa sasa hivi.

Nusu Usingizi | saa 4:12 usiku

Haraka haraka haina baraka. Kaa chini uiandike upya.

Pangaboi | saa 4:13 usiku

Haya, methali zimetoka sare. Waje wenye hesabu.

Fundi Rula | saa 4:31 usiku

Mkuu pole. Tuanze na hilo la mwaka jana kwa sababu ndilo linalokutisha, na umelielewa vibaya.

Ulikuwa na saa 40 na programu ya saa 30. Zilikuwepo saa 10 za kuchezea, basi. Kosa lako halikuwa kuandika programu mpya. Kosa ni kwamba hukuandika popote: "ikifika saa kumi tangu nianze, mpya haijakaa sawa, nawasha ya zamani." Hukuweka saa ya mwisho ya kubadili. Ukawa kila ukitazama saa unajiambia "bado kidogo tu", na bado kidogo haijawahi kuisha tangu dunia iumbwe.

La pili. Kwa saa zote 17 kompyuta yako ilikuwa inafanya nini? Inapuliza feni. Uliyekuwa na kazi ni wewe. Ungeiwasha ya zamani dakika ya kwanza, ukakaa pembeni na hiyo mpya, hata ungeshindwa kabisa bado ungekabidhi na saa za ziada.

La tatu, na hili naomba ulishike. Muda wa kuendesha unapimika. Unachukua rekodi chache, unashika saa, unazidisha. Muda wa kuandaa haupimiki, unakisiwa tu, na anayekisia ni wewe mwenyewe ambaye roho yako inataka uwe mfupi. Usiziweke namba hizo mbili kwenye mizani moja kana kwamba zote zimetoka kwenye saa. Mimi kadirio langu la maandalizi nalizidisha kwa tatu, na kuna siku hata hiyo tatu inanipita.

Swali sasa: hizo rekodi 400 ulizopima ni za mwanzo wa faili. Faili limepangwaje?

Mleta mada | saa 4:36 usiku

Limepangwa kwa tarehe ya kuandikishwa. Kwani inahusu?

Fundi Rula | saa 4:38 usiku

Inahusu sana. Chukua 400 nyingine kwa bahati nasibu, faili zima, upime tena.

Mleta mada | saa 4:52 usiku

Aisee. Dakika 8. Sekunde 1.2 kwa mtu, kazi nzima ni saa 133.

Nimefungua faili nikaona sababu. Zamani walikuwa wanaandika majina mawili, baadaye wakaanza kuandika matatu. Jina likiwa refu, kulipima ukaribu kunachukua muda zaidi. Ningeamini ile saa 100 ningekuwa nimejidanganya kwa siku nzima na zaidi.

Binti Hesabu | saa 5:03 usiku

Sasa ndiyo tuna namba ya kufanyia kazi. Mkuu, saa ulizonazo zinagawanyika mara tatu: kuandaa, kuendesha, kukagua. Watu wengi wanahesabu mbili za mwanzo, kukagua wanakufanya njiani wakienda kukabidhi.

Kuendesha kwako ni saa 133 ukigawa kwa kasi utakayoongeza. Ukiipata kasi mara 4, ni saa 33. Mara 10, saa 13. Mara 50, saa 2 na dakika 40. Mara 100, saa 1 na dakika 20. Tazama hapo: kutoka mwendo wa sasa hadi mara 4 umeokoa saa 100. Kutoka mara 50 hadi mara 100 umeokoa saa 1 na dakika 20, ambayo ni muda wa kulitafuta kosa moja tu la kipuuzi. Mwandishi wa programu anasikia raha ileile akiongeza kasi maradufu, iwe mwanzoni au mwishoni, lakini saa ya ukutani haioni hivyo. Kwa hiyo usitafute programu yenye kasi kuliko zote. Tafuta ya kwanza inayoingia ndani ya muda, usimame hapo.

Na usirekebishe kitu kabla hujajua muda unaliwa wapi. Kuna kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967, aliitoa akizungumzia kompyuta zenye prosesa nyingi: sehemu ambayo hukuigusa ndiyo inayokuwekea mpaka. Kama robo ya muda inaliwa mahali pengine, basi hata hizo robo tatu uzifanye zichukue sifuri, kazi nzima haitazidi kasi mara 4. Watu wanahangaika usiku kucha na robo isiyo na kitu.

Mleta mada | saa 5:40 usiku

Dada, umeniokoa. Nimeweka vipima muda ndani ya programu. Mnajua zaidi ya nusu ya muda ilikuwa inaenda wapi? KUSAFISHA MAJINA. Kila inapolinganisha jina na jina, inayafanya yote mawili kuwa herufi ndogo, inaondoa nukta na nafasi za ziada, ndipo inapima. Mtu yuleyule wa orodha ya pili anasafishwa mara 400,000! Nimekihamisha kile kipande juu: kila jina linasafishwa mara moja tu mwanzoni, majina 550,000 basi. Dakika 15 za kazi.

Nimepima tena kwa bahati nasibu: sekunde 0.5 kwa mtu. Saa 55 na nusu. Zilizobaki ni 56 na dakika 20. Inaingia! Niwashe nikalale?

Fundi Rula | saa 5:44 usiku

Usithubutu. Inaingia kwa dakika 50, na humo ndani hakuna kukagua, hakuna kukwama, hakuna laptopu kuamua kujisasisha yenyewe saa 9 usiku.

Katakata faili liwe mafungu 40 ya rekodi 10,000. Kila fungu na faili lake la matokeo. Likikatika fungu la 23, unarudia la 23, huanzi moja. Prosesa ya laptopu yako ina viini vingapi, yaani sehemu zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake?

Mleta mada | saa 5:46 usiku

Vinne.

Fundi Rula | saa 5:50 usiku

Basi endesha mafungu manne kwa mpigo. Usitegemee mara 4 kamili, zitagombania kumbukumbu na mashine itapata joto ishushe mwendo. Pima na vipande vidogo vinne pamoja uone. Na uzime ile tabia ya kulala yenyewe ukifunga kifuniko.

Mzee wa Shifti | saa 5:58 usiku

Vijana, mimi si mtu wa kompyuta, nimekula umri kwenye viwanda vya kukandamiza bati. Lakini nawasoma naona mnaongea jambo letu.

Kwetu mashine ikibadilishwa kutoka kutengeneza kipande hiki kwenda kingine, lazima kalibu itolewe iwekwe nyingine. Ule muda wa kubadili hauzalishi kitu. Zamani jibu lilikuwa: kwa vile kubadili kunachukua muda mrefu, basi ukishabadili tengeneza vipande vingi sana, ujaze ghala. Akaja Shigeo Shingo, Mjapani. Mwaka 1969 pale Toyota kulikuwa na mashine ya tani 1,000 ambayo kubadili kwake kulichukua saa 4. Wakaishusha hadi dakika 90, na miezi michache baadaye dakika 3.

Hakuwaambia watu wakimbie. Aliwauliza: ni kazi zipi lazima mashine iwe imesimama, na ni zipi zinaweza kufanyika ikiwa bado inazalisha? Kutafuta boliti, kuleta kalibu mpya karibu, kupasha moto, kupima urefu, yote hayo watu walikuwa wanayafanya mashine imesimama, kwa mazoea tu. Wakayatoa nje. Kwetu tunaita maandalizi ya ndani na maandalizi ya nje.

Kwa hiyo mwanangu, hilo la "niandae au niendeshe" mimi nalikataa. Swali langu kwako: ni maandalizi gani yanadai mashine isimame? Kusafisha majina, ndiyo, hilo ni la ndani. Mengine yote fanya ikiwa inakimbia.

Mleta mada | saa 6:09 usiku

Shikamoo mzee. Nimeelewa, na nashukuru sana.

Nimepima manne kwa mpigo: sekunde 0.65 kwa mtu badala ya 0.5. Fungu moja dakika 108, mizunguko kumi, saa 18. Nikiwasha sasa inaisha Jumamosi saa 12 jioni. Nawasha.

Mzee wa Shifti | saa 6:12 usiku

Marahaba.

Mkaguzi wa Zamu | saa 6:14 usiku

Kaka, kabla hujafunga macho. Saa 18 ndani ya 56 ni nzuri, na nitakwambia kwa nini. Si kwa sababu inaingia. Ni kwa sababu inaingia MARA MBILI.

Nimefanya kazi hizi miaka mingi, sijawahi kuona inayoendeshwa mara moja. Kila mara kuna kitu: safu mbili zimebadilishana, mteja katuma orodha ya zamani, kuna herufi imegeuka alama ya kuuliza faili zima. Mtu akiniambia "inaisha saa 50 na tuna 56", mimi nasikia "hatuna muda". Kipimo changu ni hiki: toa muda wa kukagua, zilizobaki gawa kwa mbili. Muda wa kuendesha usiozidi hapo ndio muda ulio nao kweli. Ukizidi, hapo ndipo unarudi kuandaa.

Na tafadhali: fungu la kwanza likitoka, lifungue kwa macho yako. Chukua watu 200, mmoja mmoja, uangalie. Usisubiri arobaini.

Nusu Usingizi | saa 6:20 usiku

Samahani, nauliza kama mjinga: kwa nini asimwambie tu mteja aongeze siku?

Mkaguzi wa Zamu | saa 6:23 usiku

Si ujinga. Amwambie, lakini leo. Mteja akiambiwa Ijumaa kuna uwezekano wa kuchelewa anapanga mambo yake. Akiambiwa Jumatatu asubuhi anapanga jinsi ya kukuacha. Pia amuulize ni watu gani anawahitaji kwanza, mafungu hayo ndiyo yatangulie. Mara nyingi asubuhi ya kukabidhi mteja anahitaji sehemu tu, nyingine anaifungua wiki inayofuata.

Kobe Mtembezi | Jumamosi, saa 1:30 asubuhi

Nimeuona uzi asubuhi hii, umenikumbusha kisa ninachokipenda, niwape wakati mleta mada amelala.

Lewis Fry Richardson, Mwingereza, wakati wa vita vya kwanza vya dunia akiwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa, aliamua kutabiri hali ya hewa kwa hesabu za mkono. Alichukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910, akakokotoa mabadiliko ya saa 6. Zilimchukua kama wiki 6. Utabiri wa saa 6 kwa wiki 6! Hapo dedilaini si kwamba imepita, imeshasahaulika. Akayachapisha yote mwaka 1922 bila kuficha.

Watu wakisimulia wanaishia hapo, eti tatizo lilikuwa kasi. Lakini jibu lake lenyewe lilikuwa limepotoka vibaya: kanieneo ya hewa ipande milibari 145 kwa saa 6, kitu kisichotokea. Na sababu kubwa ilikuwa vipimo vya kuanzia. Havikulainishwa, upepo na kanieneo havikuwa vimewianishwa, kwa hiyo makosa madogo yakalipuka. Yaani hata angekuwa na kompyuta ya leo angelipata jibu hilohilo bovu, ila haraka.

Mwaka 1950 wakaja wenzake na ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa. Utabiri wa saa 24 ukachukua kama saa 24, kompyuta ikawa inakimbizana na hali ya hewa bega kwa bega. Na sehemu kubwa ya hizo saa haikuwa hesabu. Ilikuwa watu wanapanga, wanachapa na kuchanganya kadi zilizotobolewa. Mzee wa Shifti angewapigia kelele.

Mzee wa Shifti | saa 1:52 asubuhi

Ningewapigia.

Mleta mada | saa 3:02 asubuhi

Wakuu, naleta habari na aibu yake.

Nililala. Dada alisema nifungue fungu la kwanza likitoka, limetoka saa 8 usiku, mimi nakoroma. Nimeamka sasa, mafungu 16 yamekamilika, nikafurahi. Nikachukua watu 200 kwa bahati nasibu. 31 si wenyewe.

Nimewatazama mmoja mmoja. Orodha ya kwanza inaandika jina la mtu halafu la ukoo. Ya pili, kuna kipindi waliandika la ukoo kwanza. Kwa programu yangu "Ali Juma" na "Juma Ali" ni watu wawili wasiojuana kabisa. Saa 9 za kazi zimekwenda na maji.

Mkaguzi wa Zamu | saa 3:05 asubuhi

Sisemi kitu.

Pangaboi | saa 3:06 asubuhi

Umesema, dada. Umesema.

Binti Hesabu | saa 3:12 asubuhi

Kaka usikate tamaa, hesabu bado iko upande wako. Zimebaki saa 47. Programu ya saa 18 bado inaingia mara mbili. Hapo ndipo uone zile dakika 15 za jana usiku zilikununulia nini.

Rekebisha pale pale kwenye kusafisha: kila jina livunje maneno, yapange kwa alfabeti, yaunganishe tena. "Juma Ali" anakuwa "ali juma" kokote alikotoka. Hata nusu saa haifiki.

Fundi Rula | saa 3:15 asubuhi

Na safari hii weka saa ya mwisho ya kubadili. Kuendesha saa 18, kukagua weka 4, jumla 22. Rudi nyuma kutoka Jumatatu saa 2 asubuhi: Jumapili saa 4 asubuhi. Chochote unachotaka kujaribu, kifanye kabla ya hapo. Ikifika hiyo saa mkononi una kitu chenye shaka, unaiwasha hii ya polepole bila mjadala na nafsi yako.

Ukishaiwasha sasa, kaa pembeni uandike ile ya kasi kama bado roho inakuwasha. Mna mwaka wa kuzaliwa kwenye orodha zote mbili?

Mleta mada | saa 3:41 asubuhi

Upo. Nimerekebisha mpangilio wa maneno, nimeijaribu kwa watu 50, nimeiwasha saa 3:40. Itaisha usiku saa 9:40. Nawaza kugawa watu kwa mwaka wa kuzaliwa, kila mtu alinganishwe na wa mwaka wake tu badala ya wote 150,000. Nakadiria saa 2 za kuandika.

Fundi Rula | saa 3:43 asubuhi

Sita.

Mleta mada | saa 5:50 asubuhi

Mzunguko wa kwanza umetoka, nimeufungua mara hii kabla hata ya kunawa uso. Watu 200: watatu tu ndio wenye shaka, na hao hata mimi kwa macho sijui ni nani, jina moja na mwaka mmoja kwa watu wawili tofauti.

Mleta mada | Jumamosi, saa 12:25 jioni

Nimemaliza ile ya kasi saa 11. Saa 7 na dakika 20. Fundi uliniambia sita, nikacheka kimoyomoyo.

Imekimbia saa 1 na dakika 10, huku ile ya polepole ikiendelea ikanuna kidogo. Na sasa nina kitu ambacho mwaka jana sikuwa nacho: mafungu 16 ya ile ya polepole, watu 160,000, majibu ninayoyaamini. Nikalinganisha. Kwa watu 2,900 hivi, zile mbili hazikubaliani.

Nimewachimba. Karibu wote ni wasio na mwaka wa kuzaliwa kwenye orodha moja, au mwaka umekosewa tarakimu moja, mtu wa 1978 kaandikwa 1987. Ya polepole iliwapata kwa sababu inamwangalia kila mtu. Ya kasi haikuwahi hata kuwagusa, iliwafungia mlango tangu kwenye kugawa.

Mwaka jana ilikuwa hivihivi, nina uhakika. "Inaruka watu", nilijua, ila sikuwa na cha kulinganishia nijue inawaruka wapi.

Mkaguzi wa Zamu | saa 12:40 jioni

Hii ndiyo sababu ya kuiwasha ya polepole hata kama unajua hutaingoja. Inakupa majibu ya kusahihishia mtihani.

Pangaboi | saa 1:02 usiku

Kwa hiyo saa 7 zimepotea? Maana ya polepole inamaliza usiku huu na unaiamini.

Mleta mada | saa 1:10 usiku

Kwa kazi hii, ndiyo, zimepotea. Nakubali. Ningelala.

Binti Hesabu | saa 1:21 usiku

Inategemea. Kazi hii inarudi?

Mleta mada | saa 1:24 usiku

Mteja kasema kila mwezi, kama hii ya kwanza itakaa sawa.

Binti Hesabu | saa 1:30 usiku

Basi kila mwezi unaokoa saa 16 na zaidi za mashine, lakini kabla hujaitegemea wape hao wasio na mwaka njia yao: wao peke yao wapitie ile ya polepole. Na wa mwaka uliokosewa, mtu wa ile ya kasi akikosa wa kufanana naye kwa karibu, apelekwe huko pia. Ila fanya hivyo wiki ijayo. Si leo.

Mzee wa Shifti | saa 1:47 usiku

Kuna mtu anaitwa kulala. Mwacheni alale.

Mleta mada | Jumapili, saa 7:15 mchana

Ilimaliza alfajiri saa 11, ilichelewa kidogo kwa sababu ya kugombania mashine na ile nyingine. Nimekagua mafungu yote, watu 20 kila fungu, watu 800. Nilikuwa tayari kukabidhi.

Saa 6 mchana mteja katuma barua pepe. Kuna watu 12,000 ambao majina yao yamerekebishwa, anaomba nitumie haya mapya, "kama haisumbui."

Mkaguzi wa Zamu | saa 7:18 mchana

Nilisema.

Mleta mada | saa 8:05 mchana

Ulisema, dada. Mafungu yalinisaidia hapo: sikurudia kitu kingine, nimewachomoa hao 12,000 tu, nikawagawa vinne, nikawapitisha kwenye ile ya polepole. Dakika 33. Yaani hata hapo sikuihitaji ile ya kasi.

Nusu Usingizi | saa 8:20 mchana

Swali la mwisho. Wale watatu kwenye mia mbili, ambao hata kwa macho hujui ni nani. Umewafanyaje?

Mleta mada | saa 8:41 mchana

Programu imenitolea wote wenye wagombea wawili waliofungana alama. Sikuwachagulia. Nimewawekea faili lao, wagombea wote wawili bega kwa bega, na safu tupu pembeni ya mtu wa ofisini kwa mteja kuweka tiki. Nimekabidhi sasa hivi. Bado saa 17 na dakika 19.